Kigoda cha elfu saba na paka wa ukutani

Nimekikalia kigoda hiki tangu Agosti, kwa hiyo nina haki ya kukisema. Nilikinunua hapa hapa Moshi, kwa seremala mmoja wa Pasua anayepanga vigoda, vibao vya chapati na miko kando ya barabara. Alianza na 10,000. Nikaondoka, akaniita, nikaondoka tena, tukaishia 7,000. Sikukinunua kwa ajili ya paka. Nilikinunua kwa ajili ya goti langu la kushoto, ambalo tangu nitimize miaka hamsini na tatu limegoma kuchuchumaa. Kuchambua mchicha kumekuwa adhabu. Lakini mtu akiniuliza leo kigoda hiki kinafaa kwa kazi gani, nitamwambia kinafaa kumzoea paka usiyemjua. Mchicha ni nyongeza.

Vipimo kwanza, maana mimi ni fundi cherehani na siwezi kuacha kitu bila kukipima. Kwa futi yangu ya kushonea, kimo ni sentimita 23, pa kukalia ni sentimita 32 kwa 20, na katikati pamebonyezwa kidogo kama sahani, jambo ambalo makalio yangu yanamshukuru fundi kila siku. Miguu ni minne, imepenya kwenye matundu na kukazwa kwa kabari na gundi, msumari hata mmoja hamna. Seremala aliapa kwamba ni mringaringa. Mimi nimekulia Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichagga, chenye mringaringa na mgrevilea, na kuni za miti yote miwili nimezibeba kichwani. Mringaringa una wekundu wa kahawia na unatulia machoni. Hiki ukikigeuza juani kina vile vidoa vinavyometameta kama satini. Ni mgrevilea, mzee. Sikubishana, kwa sababu kwa elfu saba mgrevilea unatosha.

Sasa paka.

Mwezi wa tisa panya walinitia hasara ambayo bado inaniuma. Mteja wangu wa siku nyingi alileta satini nyeupe nimshonee binti yake gauni la kipaimara. Nilikuwa nimebakiza kupinda chini na kutia zipu. Nikalitundika barazani, nikalala. Asubuhi nikakuta pindo limetobolewa sehemu nne na vinyuzi vimetapakaa sakafuni, kama mtu aliyekaa hapo usiku kucha akifumua kwa utulivu. Mita tatu za satini nilizinunua kwa hela yangu, na mteja sikumwambia mpaka leo. Nikanunua gundi ya panya. Ikamnasa mmoja, ikanasa na kandambili yangu. Sumu sikutaka, maana uani kwetu kuna kuku wa jirani na watoto wawili wanaookota kila kitu.

Ndipo nikaanza kumwangalia kwa jicho jingine yule paka wa ukutani. Wa kijivu, mistari mieusi, sikio la kulia limechanika, mbavu zinahesabika. Uani wote walimwita shume, yaani paka dume. Alikuwa akipita juu ya ukuta wa matofali kila jioni, saa kumi na mbili hivi, anaelekea jalalani, na hakuwa na habari na mtu. Nikasema huyu ndiye askari wangu.

Siku ya kwanza nilikosea kila kitu kinachoweza kukosewa. Nilitoka nimesimama wima, na mimi si mfupi, nina dagaa mkononi, nimemkazia macho, naita “nyau nyau nyau” kwa sauti ya kuitia watoto. Aliniangalia mara moja akaruka juu ya mabati, akapotea. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimrushia dagaa wenyewe, na ukiwa paka ukarushiwa kitu, huulizi ni nini. Mjukuu wa jirani, wa miaka saba, alikuwa amekaa mlangoni kwao anatazama. Akaniambia, “Shikamoo bibi. Anakuogopa kwa sababu unamkodolea.” Nikamwambia marahaba, na nenda ukaoge.

Siku ya nne sikuwa na mpango na paka. Nilitoka soko la Mbuyuni na dagaa wa Mwanza wa elfu mbili, nikaweka karai chini, nikavuta kigoda, nikakaa kuchambua nimeupa ukuta mgongo. Nilikuwa nimechoka, cherehani ilikata uzi mchana kutwa. Vichwa naweka kwenye kifuniko cha plastiki pembeni, miili naweka kwenye karai. Mbele yangu nilikuwa nimeegemeza mfuniko wa sufuria, umetoka kusuguliwa kwa jivu, unang'aa. Ndani ya mfuniko ule nikaona kitu cha kijivu kinashuka ukutani.

Sikugeuka. Sijui ni busara au ni uchovu, ila sikugeuka. Niliendelea kuvunja vichwa, tik, tik, huku namwona kwenye mfuniko anakuja kama anayepita juu ya makaa: mguu mmoja, anasimama, masikio yanazunguka, mguu mwingine. Alipofika kwenye kifuniko cha plastiki alinyoosha shingo mpaka ikawa ndefu isiyo ya kawaida, miguu ya nyuma imebaki kule mbali tayari kwa kukimbia. Akachukua kichwa kimoja cha dagaa kwa meno ya pembeni, si ya mbele. Akakitikisa mara mbili kama kilikuwa bado hai. Kikasagika. Nilisikia kabisa, krup krup. Akala kama kumi, akarudi ukutani, akakaa juu kule akijipangusa uso, na mimi hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebana pumzi.

Tangu siku hiyo nikaanza kukichunguza kigoda, na kwa kuwa haya ni maoni ya mnunuzi nitaeleza nilichojaribu. Paka tunamjua kama mwindaji, lakini mbele ya mbwa yeye ni windo, na kila kitu kirefu kinachomjia moja kwa moja kwake ni hatari. Kumkazia macho ni kumtangazia vita. Ndivyo wanavyofanyiana wao kwa wao kabla ya kurukiana. Kwa hiyo nikafanya hivi: jioni moja nilikaa kwenye kiti cha plastiki, kile cheupe cha misibani. Paka alikuja, akaishia hatua tatu, akakaa, hakusogea tena. Jioni iliyofuata nikatandika mkeka nikakaa chini. Alikuja vizuri sana, karibu kuliko siku zote, lakini wakati wa kunyanyuka goti likagoma, nikashika ukuta, nikaguna, kanga ikaanguka, na yeye akaona jitu linalofumuka kutoka ardhini. Alipotea mpaka kesho yake usiku. Kwenye kigoda unakuwa chini vya kutosha usimtishe, na juu vya kutosha unyanyuke bila vurugu. Sentimita 23. Sidhani seremala alikuwa na paka akilini, lakini kipimo kimekaa penyewe.

Kasoro ya kwanza, na ni kubwa. Kigoda changu kinayumba. Mguu mmoja wa nyuma ni mfupi, tena kwa unene wa sarafu tu, na kwenye udongo huwezi kujua. Kwenye sakafu ya saruji ukihamisha uzito kinapiga ko! Usiku wa saba tangu tuanze, Bobini (nilikuwa nimeshampa jina) alikuwa ameshafika kwenye kiatu changu, ananusa kisigino, nami nikajisogeza kidogo nipate kumwona. Ko! Siku mbili hakuonekana. Ningekuwa na kigoda cha miguu mitatu kama vya wazee wetu, kasoro hiyo isingekuwepo, maana miguu mitatu haijui kuyumba, hata iwe mirefu na mifupi. Tangu tuhamie kwenye miguu minne ndipo tukaanza kutafuta vijiwe vya kutia chini.

Nilitengeneza mwenyewe. Ile kandambili iliyonaswa na gundi ya panya ilikuwa imeshakufa, nikaikata kwa mkasi mkuukuu vipande vinne vya mviringo, kimoja kila mguu, na ule mguu mfupi nikauwekea kilicho kinene zaidi. Gundi ya viatu, jiwe la kusagia juu yake, usiku mzima. Asubuhi kigoda kilikuwa kimya kama kimezibwa mdomo, na hata kukiburuta kwenye saruji hakitoi sauti. Kama una kigoda chochote nyumbani, uwe na paka usiwe naye, fanya hivyo. Nimemwambia seremala naye afanye, akaniuliza kandambili za watu wote atazitoa wapi.

Binti yangu anasoma pale Chuo cha Ushirika, na akija Jumamosi hunikuta uani nimekaa nimefumba macho nusu kama bibi aliyesinzia kanisani. Akadhani naumwa. Nikamwambia nazungumza na Bobini. Maana nilikuwa nimegundua kwamba nikimtazama kidogo halafu nikafumba macho taratibu na kuyafumbua taratibu, naye hufanya macho yake kuwa membamba, na mabega yake yanashuka. Binti akaanza kucheka, akatoa simu, akatafuta, akaacha kucheka. Kumbe mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth huko Uingereza walilipima jambo hilo hilo: paka walikuwa wepesi zaidi kuusogelea mkono wa mtu wasiyemjua kama mtu huyo amewafumbia macho polepole, kuliko aliyewatazama na uso mkavu. Mimi nilifika huko kwa kusinzia. Na yule mjukuu wa jirani alishasema kuhusu kukodoa kabla ya wote, ninakiri.

Mkono nao una namna yake. Usiupeleke kichwani mwake kutoka juu, maana kila kitu kibaya kwa paka hutoka juu. Mimi nikiwa nimekaa, mkono uko gotini, na nikiushusha kidogo kidole kinakuwa sawasawa na pua yake. Kidole kimoja, kimekunjwa kidogo, hakisogei. Ni yeye anayekuja. Wiki ya tatu alikuja, akanusa ncha ya kidole (chaki ya kuchorea nguo, mafuta ya cherehani, dagaa), akapiga chafya, halafu akageuza uso na kukipitisha kidole changu kutoka pembe ya mdomo mpaka chini ya sikio. Hapo shavuni paka ana tezi zinazoacha harufu yake, na anapokupaka hiyo ameshakuandika. Akaenda kwenye mguu wa kigoda akaupaka nao. Akarudi kwangu. Mkia ulikuwa wima, ncha imepinda kama ndoana. Mkia wa namna hiyo ni salamu. Ule unaopigwa huku na huku kama mjeledi ni onyo, na ukiupuuza ni shauri yako.

Mimi niliupuuza. Alijilaza chali mbele ya kigoda, tumbo lote juu, na mimi kwa furaha nikaona nimeruhusiwa, nikapeleka kiganja. Makucha manne ya nyuma na meno. Tumbo la paka huonyeshwa kwa anayeaminiwa, wala si mwaliko wa kulishika. Nilikuwa na mikwaruzo mitano na tundu moja la jino kwenye kidole gumba. Jirani akasema tia chumvi. Nikafungua bomba, nikaosha kwa sabuni ya mche na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, halafu nikapanda bodaboda kwenda hospitali. Paka wa mtaani haijulikani ameng'atana na nani, na kichaa cha mbwa hakichagui mbwa peke yake, na dalili zikishaanza hakuna dawa ya kukuponya. Nikachomwa sindano siku hiyo hiyo na kupewa tarehe za kurudi, na zote nilirudi. Watu wa uani walinicheka kwamba nimechomwa kwa ajili ya shume. Wacheke tu.

Hapo ndipo nikamtafuta daktari wa mifugo aje nyumbani. Alimchoma Bobini chanjo ya kichaa, 15,000 na nauli ya pikipiki, akasema irudiwe kila mwaka. Kazi yote aliifanya amekaa kwenye kigoda changu, akakisifu. Kisha akainua mkia wa Bobini, akatazama, akasema, “Mama, nani aliwaambia huyu ni shume? Huyu ni jike.” Miezi miwili uani mzima tulikuwa tunamwita dume. Akanishauri nimfunge uzazi mapema, kwa sababu paka hubeba mimba kwa wiki tisa tu na haoni shida kuanza tena wakati watoto bado wananyonya. Hilo nimeshalifanya, na halihusiani na kigoda, kwa hiyo naliacha.

Ila lipo moja lisilohusu kigoda ambalo sitaliacha. Bobini alikuwa na viroboto mpaka unawaona wanatembea puani. Nikaenda kwenye duka moja la dawa za mifugo, jina silisemi, nikamweleza kijana wa kaunta kwamba nina paka ana viroboto. Hakuuliza uzito, hakuuliza umri. Akanipa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbwa, akaniambia changanya kifuniko kimoja kwenye ndoo, mtie humo. 8,500. Nikafika nyumbani, nikasoma karatasi, nikaona herufi ndogo, nikampigia yule daktari nimsomee jina la dawa. Alinikatiza kabla sijamaliza. Dawa za ukoo wa permethrin, ambazo mbwa anaogeshwa akatikisa masikio akaendelea na maisha, kwa paka ni sumu. Ini la paka haliwezi kuzivunja. Anatetemeka, anadegedeka, anaweza kufa. Na kwa kuwa hujiramba mwili mzima, hata kinachopakwa mgongoni kinaishia tumboni. Akaongeza kwamba ndiyo hali ya Panadol, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, na asithubutu mtu kumpa akiona anaumwa.

Nikarudisha chupa dukani haijafunguliwa. Kijana akanionyesha kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia mali sawa, lakini ungeniulia paka. Akasema, “Mama, kwani ni paka wa kizungu?” Ile chupa nilimpa shemeji yangu mwenye ng'ombe Uru. Viroboto niliwamaliza kwa kitana cha chawa na bakuli la maji ya sabuni: unachana polepole nyuma ya masikio na juu ya mkia, kila kiroboto unakizamisha. Siku kumi na mbili, kila jioni, mimi juu ya kigoda na Bobini katikati ya miguu yangu. Sasa hebu jaribu kazi hiyo ukiwa umeinama kwenye kiti cha kawaida. Mgongo ungevunjika siku ya pili. Hapa kigoda nakipa nyota zote.

Kuhusu chakula nitapita haraka, kwa sababu watu huanza na chakula na mimi naona ndicho kidogo katika mambo haya. Maziwa ni kosa. Jirani ana ng'ombe wa kufugia ndani, maziwa yake mazito mpaka yanakaa kwenye kijiko, nikampa Bobini kibakuli, akayamaliza, na usiku akaniharishia mlangoni. Paka wengi wakishakua hawayasagi. Andazi alilinusa akaliacha. Sukari kwa paka haina maana, ulimi wake hauuonji utamu. Chakula cha paka cha dukani, kile cha vijiwe vya kupima kwa kilo, anakula vizuri lakini kilo ni 16,000 na mimi ndiyo kwanza nimelipa kodi. Kichwa cha perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kimechemshwa bila chumvi na kutolewa miiba, ndiyo sikukuu yake. Vitunguu na vitunguu saumu usimtilie kabisa, ni sumu kwake. Na kwa mafundi wenzangu: vipande vya uzi. Paka akianza kumeza uzi hawezi kuutema, ulimi wake una miiba inayoelekea ndani, na uzi ukifika kwenye utumbo unaukunja kama unavyokunja lesi. Mimi sasa nina kopo la kilo moja la Blue Band lenye mfuniko chini ya cherehani, kila kinachokatwa kinaingia humo. Nilimwita Bobini kwa sababu alipenda kuivizia bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, inapozunguka, na sasa hata hiyo naifunga.

Panya je? Sijamwona Bobini akila panya hata mmoja, na sitamsingizia sifa. Ila tangu Oktoba sijakuta pindo limetobolewa wala kinyesi kwenye boksi la vitambaa. Nadhani harufu yake imetosha. Lile gauni la kipaimara lilivaliwa Novemba, nikaalikwa kwenye sherehe, nikakaa nyuma nikalitazama pindo langu jipya likipita mbele ya watu, nikala ndizi nyama kwa amani.

Kasoro ya pili ya kigoda: mbao ni laini. Bobini amekifanya ubao wa kunolea makucha, na upande wa kulia una mifereji ya kina ambayo inashika nyuzi za kanga. Kanga mbili zimetoka nyuzi.  Nimemkatia kipande cha gunia la kahawa nikakifunga kwenye nguzo ya baraza ili akwarue hapo. Anakwarua vyote viwili.

Kasoro ya tatu siyo ya fundi. Kigoda kimehama mikono. Nikinyanyuka kwenda kuangalia maharage, nikirudi nakuta kimeshakaliwa. Ile sehemu iliyobonyezwa katikati, niliyoisifu hapo juu, inamtosha Bobini kamili, mkia umezungushwa puani, kama vile amepimwa akashonewa. Nikisimama karibu anafungua jicho moja, analifumba polepole, basi. Hizo ni adabu nilizomfundisha mwenyewe, sasa zinanirudi. Wiki nzima nilichambua mchicha nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, goti linalia.

Juzi nikarudi Pasua. Yule mzee alikuwa anapiga randa, akanikumbuka kwa sababu ya habari za kandambili. Nikamwambia nataka kingine, kimo kile kile sentimita 23, pa kukalia pabonyezwe vile vile, miguu isawazishwe juu ya kioo na siyo juu ya udongo, na safari hii mringaringa wa kweli. Akataja 12,000. Nikashtuka, nikamwambia cha kwanza nilichukua kwa saba. Akauliza kile cha kwanza kimevunjika? Nikasema hapana, anakikalia paka.

Akaweka randa chini, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, “Basi mama, mwambie aje mwenyewe tupatane bei.”